Tanbihi ya Arobaini na Moja

Kitabu changu cha kwanza kina mtoto mmoja
aitwaye K. Herufi, kisha nukta.
Sheria ndivyo itakavyo: mtoto asitajwe,
asije akanyoshewa kidole akitumwa dukani.
Nami nikaandika kurasa mia tatu
juu ya haki ya mtoto kuwa na jina.

Hilo sikuliona. Wala msimamizi wangu hakuliona.

Kesi ilisikizwa Tononoka, mwezi wa Ramadhani,
feni imekufa, karani anajipepea kwa faili.
Shangazi wa Majengo kamlea, kampeleka chuoni,
kampa jina la kusomewa dua.
Bibi kashuka kutoka Mariakani,
jina la ukoo kalifunga kama pesa
kwenye upindo wa leso.
Hakimu akauliza, "Mtoto mwenyewe asemaje?"
Mtoto akalia.

Kilio kile nikakipa tanbihi, ya arobaini na moja:
"Ukimya wa mtoto baina ya mila mbili."
Kikanipandisha cheo. Kikanipandisha ndege.
Wanafunzi wamekinukuu, hawajakisikia.

Alhamisi iliyopita, mhadhara umekwisha,
ukumbini viti vitupu na vumbi la chaki,
mwanamke mwenye sare ya uuguzi hakuondoka.
"Mwalimu, mimi ndiye K."
Alikuwa amekisoma kitabu kizima, wodini, zamu za usiku.
"Umeandika vizuri," akasema. "Lakini siku ile
nililizwa na viatu.
Vya kuazima, vya binti wa jirani.
Kisigino kilichunika hadi damu
na hakuna aliyetazama chini."

Nikatafuta la kusema. Miaka ishirini na sita ya kusema,
na mdomo mkavu kama wa mfungaji saa kumi.
Basi ulichagua lipi, nikamuuliza, la shangazi au la bibi?
Akacheka.
"Majengo naitwa hivi, Mariakani naitwa vile.
Kote naitika.
Aliyetaka moja ni wewe."

Akaomba kalamu.
Ukurasa wa mia na tisa, kando ya ile nukta,
akayaandika majina yake yote,
mwandiko wa haraka, wa mtu aliyezoea kujaza chati,
herufi ya mwisho ikapanda ukingoni.

Nakala hiyo siiazimishi.
Na hapa pia sitamtaja.

Mchapishaji ameuliza
kama nina masahihisho ya chapa ya pili.
Ninalo moja. Viatu.