Alhamisi ya Machi

Simu mpya ilimkatalia baba kama bawabu.
Aligusa wimbo wa kwanza, ukatoka mstari mwekundu:
huna idhini ya kusikiliza wimbo huu.
Akavaa miwani, akausoma tena kwa sauti,
dereva wa tramu mstaafu anayesomewa kosa lisilo lake.
"Nimelipa," akaiambia simu. "Risiti ninazo."

Na kweli anazo, zote mia mbili na kumi na mbili,
ndani ya bati la biskuti, juu ya kabati,
ghorofa ya nne, mtaa wa Bałuty, mjini Łódź.
Zloti nne. Zloti nne. Zloti tatu na nusu, wiki ya Pasaka.
Duka lenyewe lilikufa bila tangazo la msiba:
seva ilizimwa Ijumaa moja, funguo zikazikwa nayo.
Walituuzia nyumba,
kumbe mlango ulikuwa wa kukodi.

Iko kompyuta moja tu duniani inayotutambua.
Ya kijivu, nzito, imelala chini ya kitanda
ndani ya foronya ya mama, ile ya maua.
Niliiwasha Jumamosi, theluji imeziba dirisha la jikoni.
Ikanguruma, ikakohoa vumbi, ikakubali.
Masharti nilikuwa nayo: usiiunganishe na mtandao,
itaulizia leseni, na wa kuijibu hayupo.
Na saa yake uirudishe nyuma
kabla ya siku duka lilipofungwa.

Nikabonyeza kishale cha kalenda:
mwaka, mwaka, mwaka,
baridi moja baada ya nyingine ikapita kinyumenyume
chini ya kidole changu.
Nikaachia popote. Machi 19, 2009.

Baba akainama.
"Alhamisi," akasema.
Akavuta kiti.

Mirka alikuwa hai Alhamisi hiyo.
Alikuwa na miezi saba mbele yake, asijue ni saba.
Labda alikuwa akigombana na fundi wa bomba.
Labda alikuwa akiimba juu ya mwimbaji, akimtangulia nusu mstari,
kwani nyimbo hizi ni zake;
baba alilipa tu.

Tukaanza kuchoma.
Ndivyo tusemavyo, kuchoma, na sikuwahi kulitazama neno hilo
hadi nilipoiona diski tupu ikimezwa
na wimbo ukatoka upande wa pili bila pingu.
Tulizichoma ili zisife.
Diski kumi na mbili, chai mara tisa.

"Hivi," akauliza, "tunaiba?"
Nikaliangalia bati la biskuti.
Akaliangalia na yeye.
"Tia nyingine," akasema.

Lakini zilitoka hazina majina.
Wimbo 01. Wimbo 02. Wimbo 03.
Moto haukubeba majina.
Basi akaketi kuyaandika upya, kwa vidole viwili,
na hakuandika yale yaliyo kwenye risiti:
Harusi ya Bolek, mvua.
Wa kumenyea viazi.
Huu alikuwa hapendi, akausikiliza kila siku.
Usiuruke huu.

Saa nane usiku simu ikaimba mezani,
sauti nyembamba, imekwaruzika kidogo,
na baba akaisogeza karibu na sikio lenye kusikia.
Mimi nikanyoosha mkono nirudishe tarehe.
Akanishika kifundo.
"Iache, Bogna."

Tukairudisha ndani ya foronya ilivyo.

Sasa anapanda tramu kama abiria, nyimbo mfukoni,
anashuka vituo viwili mbele ya alikokuwa akienda.
Nami nikilala kwake, kitanda kile kile,
huwa nahesabu bila kutaka:
kule chini, kama betri ya saa haijaisha,
ni Aprili sasa,
madirisha yamefunguliwa,
na daktari bado hajapiga simu.