Hatua Sita

Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua sita.
Nimezihesabu gizani, miguu mitupu,
tangu wiki ile walipovunja kwa Oketcho
wakabeba redio, magunia mawili ya mtama
na jino lake moja la mbele.
Mbwa hakubweka.
Hilo ndilo lililomnyima Ochwo usingizi.
Jino alilisahau, mtama akausahau. Mbwa hakubweka.

"Tununue," akasema, akikoroga chai isiyo na sukari.
Hakutaja kitu. Nami sikuuliza nini.

Tukapanda basi la alfajiri. Mwamba wa Tororo
ukabaki nyuma kama jirani aliyekataa kuamka.
Kampala, ghorofani, nondo mlangoni, nondo dirishani,
na muuzaji, Ssemwogerere, mpole kama fundi suti,
akatandika kitambaa cha kijani, akaziweka tatu.

Bastola kwanza. Ndogo,
nzito kuliko macho yalivyodhani.
"Inaenea chini ya mto," akasema, "lakini usiilalie.
Na mkono unaotetemeka hukosa hata mlango."
Ochwo akaishika. Mkono ukatetemeka.
Akasema ni feni.

Kisha ile ya marisau. "Hii haidai shabaha sana.
Ukumbi wenu una upana gani?"
Ochwo akanyoosha mikono kama anayepima mbao.
Mtutu ulikuwa mrefu kuliko jibu.

Ya tatu ilikuwa ya kuwindia. Hatukuigusa.
"Risasi yake haijui kuta. Kuta zenu za nini?"
Tofali moja moja, plasta upande mmoja;
upande wa pili, pesa ziliisha.
"Na nyuma ya ukuta?"
Hapo nikasema mimi, kwa mara ya kwanza tangu Jinja:
"Nyafwono. Ana miaka saba.
Usiku huamka kukojoa, haagi mtu, hawashi taa."
Ssemwogerere akaikunja kona ya kitambaa,
akaikunjua, akaikunja.

Sikuwaambia jambo jingine.
Kwetu, nilipokuwa na miaka saba mimi,
bunduki ilikuja na Kiswahili. Tulikuwa hatukijui.
*Fungua!* lilikuwa neno langu la kwanza.
La pili lilikuwa *lala chini*.
Sasa nauzia nafaka sokoni kwa lugha hiyo hiyo,
napunguza bei kwayo, nacheka kwayo,
lakini mtu akilisema lile la kwanza nje ya mlango,
magoti yangu hayaulizi ni nani.

Fomu ya polisi ina mistari miwili ya *Sababu*.
Ochwo aliandika: wezi.
Mwenyekiti wa kijiji, Nyadoi, akaisoma mara mbili.
"Wezi gani? Anayelijua jina la mbwa wa Oketcho
hatoki mbali, Ochwo. Huenda umemkopesha jembe."
Muhuri wake ulikuwa mkavu.
Akaupulizia pumzi, akagonga.

Basi iko. Ile ndogo.
Imo katika sanduku la chuma chini ya nguo za Krismasi,
risasi zimo jikoni, nyuma ya sufuria isiyotumika,
na ufunguo u shingoni mwangu, kwa uzi wa kushonea magunia.
Hatua nne hadi sandukuni, kumi na moja hadi jikoni,
kurudi, kufungua, kujaza. Mwizi ana sita tu.
Hesabu hii nimeirudia, haikubali.

Nyafwono tumemfundisha kuimba akiamka usiku.
Saa tisa, nje kimya, sauti nyembamba
inaimba vokali zote za shuleni hadi chooni,
a, e, i, o, u,
na sisi wawili tumelala chali, macho wazi,
tunaisindikiza hadi irudi.

Jana alisahau.
Mlango ulilia. Kisha nyayo.
Kabla sijasema jina lake,
vidole vya Ochwo vilikuwa tayari shingoni mwangu,
vinatafuta uzi.