Shika Mbwa

Hapa hapabishwi hodi.
Ukifika kwenye uzio wa mbao unapaza sauti, "Shika mbwa!"
ukangoja mnyororo ulie, mlango uikwangue theluji.
Nimeita hivyo mara arobaini na moja tangu alfajiri;
koo limekauka, kalamu imeganda wino,
naitia kwapani kama kipimajoto cha mtoto mgonjwa.

Chini yangu mji wa Ulaanbaatar umejinyoosha bondeni,
kichwa mashariki, nyayo magharibi,
mto Tuul umelala ubavuni mwake, mweupe, umefumba macho.
Milima minne imeuzunguka: mafiga matatu na la nne la ziada,
nasi ndio tuliomo chunguni,
na kifuniko ni baridi.
Kila jiko huchanga moshi wake.
Moshi hauna njia; unarudi kutusalimu.

Waliouchora mji huu, mabwana wa rula na penseli kali,
walisema: utakomea relini.
Mji haukuisoma ramani.
Ukapanda kaskazini, korongo baada ya korongo,
uzio ukazaa uzio, nguzo ya umeme ikapata mapacha,
kila familia ikashuka kutoka lori moja
na hema lake la sufu likiwa limeviringishwa kama mkeka;
saa mbili tu, nyumba imesimama.
Hapa nilipo, mwaka jana nilipaka kijani, nikaandika: malisho.
Leo ni kaya thelathini na mbili, kinyozi,
na kibanda cha maji chenye foleni ya madumu.

"Kaya hii ina watu wangapi?" nikamuuliza Bi Tserenkhand.
Akakunja vidole.
"Kondoo mia tatu na kumi. Mbuzi mia na tisini.
Farasi ishirini na wawili. Ngamia mmoja, jike, mkaidi."
"Mama, nauliza watu."
"Nimekusikia. Tulikuwa watu kwa hao."

"Theluji iliyeyuka siku moja, usiku ikaganda.
Nyasi zikabaki ndani ya kioo.
Walikuwa wanaziona, kijana wangu.
Walikuwa wanaziona."

Fomu yangu ina safu ya umri, elimu, choo, nishati ya kupikia.
Haina safu ya wenye kwato.

Nikaandika: yeye.
Mwanawe Mönkhjargal, achimbaye misingi ya maghorofa
ambayo hatalala ndani yake.
Mkwe, Dulamsüren, mshonaji wa makoti.
Wajukuu watatu, mdogo akikohoa kikohozi cha bonde zima.
Sita.

Akanimiminia chai ya maziwa yenye chumvi.
"Na wewe, nani amekuhesabu?"
Nikacheka. Kisha sikucheka.
Usiku wa hesabu nilikuwa kwenye gari la ofisi, nikigawa fomu;
kwangu, ghorofa ya nne, walibisha, hakuna aliyefungua.
Katika takwimu za jiji hili mimi ni mlango uliofungwa.
"Basi andika saba," akasema.
"Haiwezekani, mama. Sheria ni aliyelala hapa."
"Basi lala."

Sikulala.
Niliifuta ile kijani mpaka karatasi ikachubuka,
nikatoka na ladha ya chumvi mdomoni.
Juu zaidi, pale ramani inapokatika,
mtu alikuwa akipigilia nguzo,
na ardhi, ngumu kama fuawe, ikimrudishia kila pigo.
Nikapanda. Nikaita, "Shika mbwa!"
Nyundo ikanyamaza.
"Karibu tu," sauti ikajibu,
"mbwa bado hatujapata."