Kidole Gumba na cha Kati

Ukumbi ulikuwa Makole, juu ya duka la pembejeo,
ngazi zikinuka dawa ya mizabibu.
Elfu thelathini kwa Jumamosi nne, chai juu yako.

Bwana Malogo hakuwa na digrii ya kutundika ukutani,
alikuwa na feni moja, na subira.
Nikikunja mguu, naye hukunja.
Nikishusha pumzi, yake nayo yashuka.
Jumamosi ya pili nikajikuna sikio makusudi:
mkono wake ukapanda sikioni bila kumwomba ruhusa.
Nikacheka. Akacheka. "Umeshafuzu," akasema.

"Sasa fumba macho. Mlete anayekuziba koo."
Akaja baba, mkasi wa kupogolea mkononi,
shamba la Hombolo nyuma yake,
na ile sauti: *Mbeho, mdomo wako umejaa mchanga.*
Nilikuwa na miaka tisa. Mgeni aliniuliza jina,
mbe—, mbe—,
na watoto wa jirani wakalimalizia kama mbuzi.
Wanasema mji huu ulipata jina kwa tembo aliyezama topeni.
Mimi nilizama kila siku, na sikuacha jina lolote.

"Iondoe rangi picha hiyo. Ifanye ndogo, kama stempu.
Sauti yake ipe ya mbu. Isukume hadi kilima cha Mlimwa."
Nikafanya. Na kweli, baba akawa mbu.
Lakini rangi, ilipotoka, haikuchagua:
zabibu nazo zikawa majivu,
na viganja vyake vyenye utomvu wa kijani,
na kofia aliyonivika yake mwenyewe jua lilipokuwa kali,
vyote stempu, vyote kilimani.
Nikafumbua macho yamelowa.
Bwana Malogo akaandika kitu daftarini.

Usiku ule nikairudisha picha, nzima,
kwa rangi zake na kelele zake.
Nilichohamisha ni kiti changu tu.

Somo la mwisho: kumbuka siku ulimi wako ulipokutii.
Nilikuwa nayo moja.
Miaka kumi na saba, lori la mnunuzi linaondoka,
nikapaza bei: mia nane! mia nane kilo!
Neno halikukwama. Lori likasimama.
"Hapo hapo! Bana kidole gumba na cha kati."
Nikabana, nikabana tena,
kama mtu anayefunga senti kwenye pindo la khanga.

Wapo wasomi wasemao ushahidi haupo,
kwamba ni kiini macho cha watu wa semina.
Huenda. Mimi sina maabara. Nina vidole.

Siku ya usaili tulikuwa elfu mbili na ushei, nafasi sita,
vumbi la chuo kikuu juu ya viatu vya kuazima.
Meza, watu watatu, chupa za maji.
"Jitambulishe."
Nikabana. Lori likaja, lakini likasimama mbali.
Mbe—
Mama wa katikati akatazama saa.
Mbe—
Nikabana mpaka ukucha ukaacha alama.
Mbeho.
Kigugumizi kikanishika mara nyingine sita, nilizihesabu,
nikamaliza nilichokwenda kusema.
Orodha haijatoka.

Jana nimefika Hombolo.
Kiharusi kimemlaza baba upande wa kulia,
na herufi moja humsimamia mlangoni mwa mdomo.
M—, m—
Ndugu wanamkimbilizia maneno kama watu wa mnadani:
Maji? Mto? Mchungaji?
Nikawatoa nje wote.
Nikaketi. Pumzi yake ikapanda, yangu ikapanda,
ikakwama, yangu ikangoja pale pale ilipokwama.
Hakukuwa na feni, wala daftari.
Kuku akaingia, akaona hakuna kitu, akatoka.
M—
Sikumsaidia.
M—
"Mkasi," akasema.

Dirishani mizabibu ilikuwa imeota ovyo.
Nikatoka kuutafuta.