Tindikali Kwanza

Baba alikuwa sonara wa Langoni.
Kabla ya kuunga pete huitumbukiza tindikali,
nayo fedha hutoka imeparara,
nyeupe kama mtu aliyetoka homani.
"Haing'ai," nilimlalamikia, nina miaka saba.
"Bado. Lakini sasa inakubali."

Leo, ghorofa ya juu ya chuo, Lamu,
nina mkaa wa vifuu, nimeutwanga, nimeuchekecha,
na chumvi ya kobalti, ya waridi, ghali,
naipima kama wapimavyo zafarani.

Mara ya kwanza nilikuwa na haraka.
Niliroweka mkaa jinsi ulivyo, nikauanika, nikautia tanuri.
Kobalti ikakataa kutandaa.
Ikajikusanya mabonge mabonge
kama wageni wasiomjua mwenye harusi,
wamesongamana mlangoni, hakuna wa kuwaambia kaeni.
Mkaa ulikuwa na majivu, vishimo vimeziba,
ngozi isiyopenda maji.

Mara ya pili nikaanza na asidi ya nitriki.
Mvuke wa kahawia ukapanda bombani.
Kadzo akanipigia simu kutoka Malindi;
ya mumewe, ya karo, ya mumewe tena.
Niliporudi, kuta za vishimo zimebomoka.
Uji mweusi.
Tindikali haijui kuosha wala kubomoa, inajua kula.
Kuosha ni kazi ya mwenye kuiepua.

Mara ya tatu: saa mbili, moto mdogo,
kisha maji, na maji, na maji,
mpaka karatasi ya litmasi ikaacha kuona haya.

Kobalti ile ile. Mchele mmoja.
Safari hii ilienea chembe chembe,
kila chembe na kiti chake.
Nikainyunyiza kwenye maji ya nili
na matone ya peroksaidi. Nikangoja.
Dakika ishirini baadaye nilikuwa nasoma gazeti
kupitia glasi ile.

Nilimpelekea baba kichupa.
Mato yake hayaoni sawa tena, moshi wa miaka ile.
Akakitikisa sikioni.
"Na hiki kichocheo chako, huliwa?"
"Hakiliwi. Hukutanisha, kikabaki."
"Basi ni somo," akasema. "Huozesha, kisha hurudi kwake."

Akanyamaza. Akashika mkono wangu, akanusa vidole.
"Umesahau glavu."