Chanzo?

Darasa letu liko ghorofa ya nne. Lifti ilikufa Februari.
Napanda ngazi saa kumi na moja na nusu jioni
na tope la Mukuru kwenye viatu,
na funguo za ukumbi wa vijana mfukoni,
funguo kumi na moja, zinalia kila hatua
kama mbuzi mwenye kengele.

Miaka kumi na saba nimefanya kazi hii.
Nimeamua ugomvi wa mpira na ugomvi wa mapanga,
nikijua upi ni upi kwa jinsi wanavyonyamaza.
Nimekaa kituo cha polisi hadi saa nane usiku
nikingoja afisa amalize chai yake
ili aniambie Muthengi hayupo,
ilhali namsikia Muthengi akikohoa.

Kisha ikatangazwa nafasi ya mkurugenzi.
Mstari wa pili: shahada ya uzamili.
Sikuwa na haja ya kufika wa tatu.
Aliyeipata ana miaka ishirini na tisa, kijana mwema.
Siku ya kwanza aliniuliza, "Dada Kalekye,
hapa kwa Reuben, salamu nianzie kwa nani?"
Nikamwambia.
Uchungu ulikuwepo, kidogo, kama changarawe kwenye wali:
unatema, unaendelea kula.

Usiku ule nikajaza fomu.
*Eleza uzoefu wako wa uongozi kwa maneno mia mbili.*
Niliandika elfu moja na arobaini, nikayafuta yote,
nikabakiza: Nimekuwa nikishika funguo.
Hayo nayo nikafuta,
nikaweka maneno wanayoyapenda.
Nusu ya karo ilitoka kwenye chama.
Nusu ya pili bado ni maombi.

Dakta Cherotich ni mdogo wangu kwa miaka tisa.
Anafundisha, namkubali.
Huchora duara ubaoni, mishale ikiingia na kutoka,
asema: huu ndio uongozi shirikishi.
Nami ndani ya duara naona tangi la maji,
na foleni ya mitungi ya njano isiyo na askari,
kwa kuwa Mama Nyaboke, asiye na cheo wala kiti,
alisema mara moja tu,
"Mwenye mtoto mgongoni atangulie,"
ikawa sheria mpaka leo.

Nikaliandika hilo kwenye insha yangu ya kwanza.
Insha ikarudi na wino mwekundu pembeni:
*Chanzo?*

Siku tatu nililala na neno hilo.
Chanzo: cha habari, cha moto, cha mto.
Kwetu Makueni mto ukikauka
hatusemi umekwisha, tunachimba mchangani
kwa kata, kwa mikono, kwa kucha,
halafu tunakaa kando ya shimo, kimya,
tukingoja maji yajilete yenyewe.

Jumamosi nikamfuata Mama Nyaboke na daftari.
Nikamuuliza: yale maneno uliyasema mwaka gani?
Alicheka hadi akashika mtungi wa mwenzake.
"Mwaka gani! Mwaka ule tangi lilipoanguka.
Na si yangu yale. Niliyasikia
kwa msichana mmoja wa ukumbi wa vijana,
mwembamba, mkali, funguo tele kiunoni."

Sikumbuki.
Naapa, sikumbuki kabisa.
Nilisimama pale, kalamu mkononi,
mpaka mwanamke nyuma yangu akauliza
kama nateka maji au napiga picha.

Usiku, chini ya insha, penye orodha ya marejeo,
baada ya maprofesa watatu wa mbali,
nikaandika taratibu, kwa mpangilio unaotakiwa:
Nyaboke, T. Mazungumzo penye tangi. Mukuru. Jumamosi, mvua ikitishia.
Jina langu sikuliweka.
Hakuna aliyetufundisha bado
namna ya kumnukuu mtu uliyemsahau.

Jumanne nitajua alama.
Ghorofa ya nne.
Lifti, wanasema, fundi ameshaitwa.