Kokwa Saba

Jumamosi, Jumatatu, Jumatano,
saa nne kila mara:
mama kitini, mirija miwili mkononi,
mmoja unaitoa damu, mmoja unairudisha,
na mimi pembeni, kitabu mapajani,
maana mtihani hausubiri figo za mtu.

Nje Samail inachemka, nyuzi arubaini na saba.
Tende za naghali zimeanza kuiva
na harufu yake imepenya hata humu,
kwenye dawa ya kuoshea sakafu.

Daktari kaja na karatasi. Potasiamu: sita nukta tisa.
"Bi Thureya, umekula nini?"
Wali. Kidogo. Na maji yale mliyonipimia.
Anajibu huku anatazama dari.

Daktari akishapita ananigeukia kwa Kiswahili,
lugha yetu ya siri mbele ya wauguzi,
aliyotoka nayo Unguja akiwa na miaka minne:
"Hiyo potasi ndiyo nini, wewe unayesoma?"

Nafungua ukurasa wa seli.
Mama, mwilini mwako mna vyumba visivyo idadi,
vidogo, jicho halivioni.
Kila chumba kina ukuta wa mafuta,
na ukutani yupo bawabu wa protini asiyelala.
Chumvi tatu anazitoa nje, potasi mbili anaziingiza.
Tatu nje, mbili ndani,
na kila mzunguko analipwa nishati, taslimu,
ukisali, ukilala, ukinigombeza.
Tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo inayoupigisha moyo.
Potasi ikijaa nje, tofauti inafifia,
moyo unapotea hesabu.

"Mshahara wa bawabu unatoka wapi?"
Kwenye sukari. Na pumzi.
"Basi nisipokula tende atalipwa na nini?"

Nacheka mpaka muuguzi wa Kerala anageuka.

Kisha ananiambia habari za falaji,
zamu ya babu ilivyokuwa nusu saa, kila siku ya nane,
na yule mgawa maji aliyekuwa akipima kwa kivuli cha kijiti.
"Baba alimchukia.
Hakuwahi kumwibia mtu hata dakika,
kwa hiyo hapakuwa na wa kulaumiwa shamba likikauka."
Ndiye figo huyo, mama.
"Najua. Nimekwisha kufahamu. Wangu amekufa."

Nikaona nisimwambie lililo chini ya ukurasa,
halafu nikamwambia:
ubongo unaionja damu, kila saa.
Chumvi ikizidi unatuma kiu,
unatuma homoni, barua ya mbio: zuieni maji.
Barua bado zinatumwa, mama, hata leo.
Huko zinakokwenda hakuna wa kuzifungua.

Akanyamaza. Mashine ikalia, muuguzi akabonyeza kitu, ikatulia.

"Na wewe ulipokuwa tumboni,
taka zako nani alikuwa akizitoa?"

Jibu nalijua. Ukurasa wa mia tatu na kumi.
Wewe. Zilipita kwenye kondo la nyuma,
zikaingia damuni mwako, figo zako zikaziosha.
"Miezi tisa?"
Miezi tisa.
"Na siku kumi," akasema. "Ulikataa kutoka."
Akafumba macho. Hakuwa akidai.

Kuna fomu nimeikunja mara nne
kwenye sura ya nefroni.
Jumapili watanitoa damu, waone kama tunalingana.
Kaka yangu Muhanna hajui. Mama hajui,
na kama anajua, basi ametazama dari.

Nilipolikunja buibui lake niliisikia mfukoni,
karatasi laini imefungwa fundo, bado ina unyevu:
kokwa saba za naghali,
zimefyonzwa hadi zimeng'aa.

Mwizi wangu. Saba!
Sita nikazitupa kwenye pipa la nje, muuguzi asizione.
Ya saba nimeifanya alama ya kitabu.
Sasa hakifungiki sawasawa,
kinabaki mdomo wazi, palepale penye figo.